Hiari na Rehani: Ridhaa ya Mume na Mke katika Kufunga Nyumba kwa Deni

Wahenga walisema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Harusi waliitaja kwa mfano tu, lakini mfano huo una maana zaidi kuliko ionekanavyo. Kwani nyumba ni mali ambayo watu wawili wakioana huitafuta mbele ya nyingine, tena ni mali ambayo mkopeshaji huitazama mbele ya nyingine anapoombwa fedha. Mara nyingi anayeshangilia harusi ya mkopo ni mmoja, naye ndiye aliyetia sahihi. Bali wanaokaa matanga ni wote wawili pamoja na watoto wao. Makala haya yaeleza kwa ufupi jinsi nyumba ilivyofungwa kwa deni katika pwani ya Afrika ya Mashariki na katika Tanganyika, tangu zama za masultani hadi leo, na jinsi swali moja lilivyokua ndani ya historia hiyo: je, yatakiwa ridhaa ya nani kabla nyumba ya mume na mke haijawekwa rehani?

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno rehani limetoka katika Kiarabu, nalo kwa asili lamaanisha kitu kinachoshikwa na mdai mpaka deni lilipwe. Kurani, katika Sura ya pili, yataja rehani iliyotiwa mkononi kwa watu walio safarini waliokosa mwandishi wa kuwaandikia deni lao. Deni, dhamana, dalali na mnada, nayo yalifika kwa njia hiyo hiyo. Lakini tendo la kuitoa mali katika kifungo chake lina neno la Kibantu, nalo ni kukomboa. Na neno hilo hilo hutumika kwa mtu aliyetolewa utumwani. Msemaji wa Kiswahili, basi, huiona nyumba iliyowekwa rehani kama mateka anayengoja kukombolewa. Kiingereza kina neno lake la kufunga mlango wa kukomboa, yaani hukumu imkatazayo mdaiwa kuipata mali yake tena hata akileta fedha. Kiswahili cha watu hakikuona haja ya neno hilo. Husema tu kwamba nyumba imepigwa mnada, na kila asikiaye huelewa.

Katika miji ya pwani, sheria ya Kiislamu iliruhusu rehani ila ilikataza riba. Aliyeshika rehani hakuwa na ruhusa ya kuifanya kuwa chumo lake. Hapo wafanya biashara walipata njia nyingine, nayo ilienea sana Unguja na Pemba katika karne ya 19. Mwenye nyumba au shamba aliiuza mali yake kwa mkopeshaji kwa kiasi cha fedha alizohitaji, akabaki na haki ya kuinunua tena katika muda waliopatana. Wakati huo aliendelea kukaa humo, akilipa kodi kama mpangaji katika nyumba iliyokuwa yake. Kodi hiyo ndiyo iliyosimama mahali pa riba. Muda ukipita bila ya kurudisha fedha, mauzo yalikuwa mauzo kweli. Waarabu waliyaita mapatano haya kwa neno khiyar, ndilo lililozaa neno letu hiari. Lakini hiari iliyotajwa katika hati zile ilikuwa hiari ya muuzaji peke yake: kukomboa au kutokomboa.

Mke wake alikuwa wapi katika mapatano hayo? Hapana budi kusema kwanza kwamba sheria ya Kiislamu ilimpa mwanamke jambo ambalo wanawake wa Uingereza hawakulipata mpaka sheria za nusu ya pili ya karne ya 19: mali yake ilibaki yake hata baada ya kuolewa. Aliweza kununua nyumba, kuiuza na kuiweka rehani kwa jina lake mwenyewe. Lamu ilikuwa desturi baba mwenye uwezo kumpa binti yake nyumba anapoolewa, au kumjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazee. Katika kisiwa cha Ngazidja desturi ina nguvu zaidi, kwani nyumba ya ndoa hujengwa na jamaa za mke, ikawa mali yake, naye mume huingia humo kama mgeni aliyekaribishwa. Mume wa namna hiyo hawezi kuipeleka nyumba kwa mkopeshaji, kwa sababu si yake.

Lakini ilipokuwa nyumba ni ya mume, mambo yaligeuka. Mume alilazimika kumpa mkewe mahali pa kukaa, kama alivyolazimika kumpa chakula na nguo. Hata hivyo hakulazimika kumkalisha katika nyumba ile ile. Mke alikuwa na haki ya kuwekwa nyumbani, wala hakuwa na haki juu ya nyumba. Mume akiiuza kwa hiari au akiiweka rehani, hakuna kadhi aliyemwuliza mkewe kama ameridhia. Utengano wa mali uliomlinda mwanamke mwenye nyumba ndio huo huo uliomwacha bila ya kinga mwanamke asiyekuwa nayo.

Walipokuja Waingereza, suala la ridhaa lilichukua sura nyingine. Katika Unguja, madeni ya wenye mashamba ya karafuu yalikuwa mazito sana kufikia miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka. Mwaka 1934 serikali ilitoa amri ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwa watu wengine bila ya idhini, ikasimamisha pia kudaiwa kwa madeni yaliyofungwa kwa mashamba. Na mwaka 1938 ikaja amri nyingine ya kuyamaliza madeni hayo. Katika Tanganyika sheria mbili za mwaka 1923 zilifanya kazi pamoja. Ya kwanza ilisema kwamba ardhi yote ni ya umma, na mtu hupata haki ya kuikalia tu. Ya pili ilizuia mkopo kwa mwenyeji, hata mkopeshaji asiyekuwa mwenyeji hakuweza kumdai mahakamani ikiwa mapatano yao hayakupata kibali cha afisa wa serikali. Sababu iliyotolewa ni kumlinda mwenyeji asinyonywe. Matokeo yake yalikuwa kwamba Mwafrika aliyejenga nyumba yake mjini, ya vyumba sita na ukumbi katikati, hakuwa na hati ambayo benki ingeikubali.

Bara nako, mahali pengi ardhi ilikuwa na wasimamizi wake wa zamani. Kwa Wahaya, kwa mfano, shamba la ukoo halikuweza kupotea kwa mgeni kimya kimya, kwa kuwa jamaa walikuwa na haki ya kulikomboa. Jambo hilo liliandikwa na Hans Cory pamoja na M. M. Hartnoll katika kitabu chao cha mwaka 1945 juu ya sheria za mila za Wahaya. Basi msomaji akiziweka habari hizi pamoja ataona jambo la ajabu. Yalitakiwa makubaliano ya muuzaji, ya ukoo, ya afisa wa wilaya, hata ya serikali kuu. Kila mtu aliyedhaniwa kuwa na faida katika ardhi aliulizwa. Yule aliyelala ndani ya nyumba, aliyepika humo na kuzaa humo, hakuulizwa na yeyote.

Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962. Mwaka 1971 ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia yote. Kwa sheria ya mwaka 1972 iliundwa Benki ya Nyumba Tanzania, ili wafanyakazi na wanavijiji wapate mikopo ya kujengea. Katika mwaka ule ule wa 1971, bila ya kelele nyingi kama za kutaifisha majengo, ilianza kutumika Sheria ya Ndoa.

Sheria hiyo ina historia yake. Kenya iliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1968. Serikali ya Tanzania ilitangaza mapendekezo yake mwaka 1969, ikafaidika sana na kazi ya tume hiyo ya jirani, na baada ya miaka miwili sheria ilikuwa tayari. Kifungu chake cha 59 chasema kwamba ikiwa nyumba ya ndoa ni mali ya mume au ya mke, mwenye mali hataweza, ndoa ingali hai, kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ya ridhaa ya mwenzake. Tena mwenzake huhesabiwa kuwa ana maslahi katika nyumba hiyo, naye aweza kuyalinda kwa kuandikisha zuio kwa Msajili wa Hati. Kifungu hakikusema mke tu, kilisema mwenzi. Mwanamke mwenye nyumba, naye hufungwa na ridhaa ya mumewe.

Ili kuona ukubwa wa hatua hiyo, yafaa kuangalia Uingereza, ambako sheria nyingi za Tanganyika zilichukuliwa. Huko, mwaka 1965, Baraza la Malodi liliamua kwamba haki ya mke aliyeachwa kukaa katika nyumba ya mumewe ni haki baina yao wawili tu, wala haiifungi benki iliyoichukua nyumba kwa deni. Bunge lilitunga sheria mwaka 1967 ili kumpa mke haki ya kukaa, mradi aiandikishe. Miaka minne baadaye Tanzania ilikwenda mbele zaidi, kwani haikutosheka kumpa mke nafasi ya kujitetea nyumba ikiisha kufungwa, bali ilitaka aulizwe kabla haijafungwa. Sheria hiyo, hata hivyo, ni ya Tanzania Bara, haikupelekwa Zanzibar.

Yalibaki maswali mawili. La kwanza lilikuwa: mke asiyekuwa na mshahara ana nini katika nyumba iliyojengwa kwa fedha za mumewe? Jibu lilipatikana mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, kwamba kazi za nyumbani za mke ni sehemu ya juhudi za pamoja zilizochuma mali ya ndoa. Aliyekata rufani mwenyewe hakufaidika na kanuni aliyoishinda, kwa kuwa mahakama iliona kwamba alikwisha kuzitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa biashara ya familia. Lakini kanuni ilibaki, na wake wengi waliomfuata wameitegemea.

Swali la pili lilihusu benki. Benki ya Nyumba ilianguka mwaka 1995, ikiacha pengo lililochukua miaka mingi kuzibwa. Kwa hiyo nyumba za watu wengi wa miji ya Tanzania hazikujengwa kwa mkopo wa nyumba. Zilijengwa kwa fedha za mkononi, tofali kwa tofali, leo msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu mabati. Rehani huja baadaye, nyumba ikiisha kusimama, wakati mmoja wa wenye nyumba anapotaka mtaji wa duka, wa lori au wa mazao. Hapo hati hutolewa sandukuni na kupelekwa benki. Hii ndiyo tofauti kubwa baina ya rehani ya Tanzania na ile inayosimuliwa katika vitabu vya Ulaya na Marekani. Kule wanandoa mara nyingi hukopa ili wapate nyumba. Huku mara nyingi huitia hatarini nyumba waliyokwisha kuipata, kwa biashara ambayo pengine mmoja wao haijui.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilitambua hatari hiyo. Ilitamka kwamba rehani ni dhamana tu, wala haimhamishii mkopeshaji milki. Ilisema kwamba rehani ya nyumba ya ndoa ni halali ikiwa tu hati zake zimetiwa sahihi na mkopaji pamoja na mwenzi wake, au zaonyesha kwamba mwenzi ameridhia. Na kwa kuwa ndoa za wake wengi zatambuliwa nchini, ilitaja mwenzi au wenzi wanaokaa katika nyumba hiyo. Ilimpa mkopeshaji wajibu wa kuuliza. Ilitaka pia mwuzaji wa nyumba ya rehani atafute bei nzuri ipatikanayo. Na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya kawaida kwa asilimia 25 au zaidi, hudhaniwa kuwa wajibu huo umevunjwa mpaka ithibitishwe vingine.

Wenye benki walilalamika, wala haifai kusema kwamba hawakuwa na sababu yoyote. Mashauri yalisikika ambamo mume na mke walikula mkopo pamoja, kisha siku ya mnada ilipokaribia mke akaja mahakamani kusema kwamba hakuulizwa. Yalisikika pia ya namna nyingine: mume aliyekwenda benki na mwanamke asiyekuwa mkewe, akatia sahihi kwa jina la yule aliyekuwa nyumbani, au aliyeapa kwamba hana mke kabisa. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 ilijaribu kusawazisha mambo hayo. Ilimpa mkopaji wajibu wa kueleza kama ana mwenzi, na mkopeshaji wajibu wa kuhakikisha akiisha kuelezwa. Mkopaji akitoa kiapo cha maandishi kwamba hana mwenzi, mkopeshaji huhesabiwa kuwa ametimiza kazi yake. Na kiapo hicho kikiwa cha uongo, mwapaji hustahili kutozwa faini au kufungwa.

Hapo yaonekana kwamba mzigo umehama. Zamani benki ilikuwa na sababu ya kumtafuta mke. Sasa yaweza kutosheka na karatasi isemayo kwamba hayupo. Adhabu ya mwapaji wa uongo ni ya haki, lakini haimrudishii nyumba yule aliyekanwa. Yeye hubaki na silaha ile ya mwaka 1971, yaani zuio kwa Msajili, ambayo ina nguvu ikiwa imeandikishwa mapema. Na mke anayemwamini mumewe haoni sababu ya kwenda kwa Msajili mpaka siku amwonapo dalali mlangoni. Hali ni ngumu zaidi kwa wale ambao ndoa yao haikuandikishwa popote. Sheria ya Ndoa huwadhania kuwa mume na mke watu waliokaa pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kuheshimiwa hivyo; lakini dhana hiyo huthibitishwa mahakamani, na mnada haungoji.

Nchi jirani zimefuata njia hiyo hiyo kwa hatua zao. Uganda, katika sheria yake ya rehani ya mwaka 2009, ilitaka ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya ndoa. Kenya, ambayo tume yake ya mwaka 1968 ilisaidia kuijenga sheria ya Tanzania, yenyewe ilikaa bila ya sheria ya namna hiyo mpaka Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Huko mwenzi aliyeridhia hupewa pia nakala ya taarifa ya kuuzwa kwa nyumba, siku 40 kabla ya mauzo. Mbegu iliyochaguliwa Nairobi iliota kwanza Dar es Salaam, ikarudi kwao baada ya miaka zaidi ya arobaini.

Katika habari zote hizi kuna jambo moja ambalo mwanasheria huweza kulipita na mwanalugha hawezi. Sheria yataka ridhaa, nayo huitambua kwa sahihi. Ridhaa na radhi ni neno moja kwa asili: radhi huombwa kwa wazazi, kwa mgonjwa aliye kitandani, kwa mtu aliyekosewa. Mwenye kuwa radhi ni mtu aliyeelezwa, akafahamu, moyo wake ukatulia. Sahihi ni alama ya mkono. Kwa miaka mingi hati za rehani katika Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, na mke aliyeletwa benki alionyeshwa mahali pa kuandika jina lake, au pa kubonyeza kidole gumba, chini ya kurasa ambazo hakuweza kuzisoma. Pengine aliambiwa na mumewe kwamba ni karatasi za kawaida. Sheria ilitimia; lakini ni vigumu kusema kwamba huyo aliridhia.

Uingereza nako walikutana na tatizo hilo, ingawa lugha ilikuwa moja. Mwaka 2001 Baraza la Malodi liliamua kwamba mke anapotia sahihi ili nyumba idhamini deni la biashara ya mumewe, mkopeshaji hana budi kuhakikisha kwamba amepata mwanasheria wa kumweleza maana ya hati na hatari yake, mumewe asiwepo. Katika Tanzania njia nyingine ilifunguliwa mwaka 2021, Bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Yafaa njia hiyo ifikishwe mpaka juu ya meza ya benki: hati ya rehani iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, isomwe kwa sauti mbele ya mwenzi akiwa peke yake, na itaje wazi mambo matatu, yaani ni deni la nani, ni kiasi gani, na nyumba itauzwa lini lisipolipwa. Maneno ya kufanyia hivyo yapo yote, wala hakuna haja ya kuyabuni. Rehani, deni, mnada na kukomboa ni maneno ambayo mama muuza vitumbua ayajua kama hakimu.

Hati za kale za Unguja zilimpa mwenye nyumba hiari ya kukomboa. Sheria ya mwaka 1971 ilimpa mwenzake hiari ya kukataa. Ya kwanza ilikuwa na maana kwa sababu aliyepewa alijua vema kile alichokiuza, muda wake na bei yake. Ya pili nayo itakuwa na maana kwa mke, au kwa mume, siku atakapojua kama yule wa zamani alivyojua, kabla hajashika kalamu.